Msomaji wa Aluoch

Ukipita leo kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la Kisii, pale palipokuwa duka la vitambaa la Ubah Warsame, utakuta wanauza vioo vya simu. Aluoch hupita hapo kila Jumamosi akitoka kazini kwenye duka la dawa, na kila mara hupunguza mwendo. Husema wazi kwamba anapakumbuka kuliko anavyoikumbuka siku ya harusi yake. Mume wake husikia, hucheka, na huendelea kula.

Kwa miaka sita walikutana humo watu wanne, Jumamosi saa nane, Ubah akishaegesha mlango ili wateja wajue hakuna biashara. Ubah aliandika mashairi ya mapenzi na kuapa kwamba hayamhusu. Obadiah, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Keumbu, aliandika hadithi za upelelezi ambamo kila mtu alikufa kabla ya ukurasa wa nne. Mwalimu Anyona, mstaafu wa Nyakoe, hakuandika chochote. Alisema bado anapanga mawazo, na aliyapanga miaka yote sita. Aluoch, aliyekuja mjini kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi akapata na mume, alikuwa na riwaya moja tu, ya mwanamke anayeiacha nyumba ya ndoa akiwa na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani. Alitaka kitu kimoja duniani, riwaya hiyo iwe kitabu.

Kikundi kilikuwa na sheria moja, na aliyeileta ni Mwalimu. Mwenye hadithi hasomi. Anampa mwenzake daftari, anakwenda kusimama karibu na mlango, na hafungui kinywa mpaka iishe.

"Mtu akijisomea anajihurumia," alisema Mwalimu.

Daftari la Aluoch lilimwangukia Mwalimu tangu mwanzo. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, na aliyeweza kuufuata ni mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini.

Na jamani, mzee huyo alijua kusoma! Miwani kwenye ncha ya pua, lafudhi yake ya Kikisii imejaa tele, mkono mmoja hewani kana kwamba ameshika chaki. Alipofika pale mwanamke anapoondoka, "akafunga mlango, akaufungua tena aone kama taa imezimwa, kisha akaufunga," Ubah alikuwa akichukua kipande cha kitambaa kisichouzika na kujifuta macho. Obadiah alijifanya anakohoa. Aluoch, kule mlangoni, aliwatazama na kujiambia, kumbe najua kuandika. Hajawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena, na hafichi.

Ndio hao waliomsukuma aende kwenye kongamano la waandishi Kisumu. Alipiga chapa kurasa tisa mwenyewe kwenye saibakafe, neno kwa neno kutoka daftarini, akasuka nywele, akaenda. Ukumbi ulikuwa na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na maji ya chupa, na kila mtu alijiita mwandishi bila kupepesa jicho. Kila mgeni alipewa dakika tano mbele ya wahariri wawili.

Jina lake likaitwa. Aluoch akasimama, akamkabidhi karatasi mama aliyekaa kando yake, akaenda zake kusimama karibu na mlango, kimya.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti akauliza kama dada ana tatizo la koo. Hapo ndipo Aluoch alipong'amua alichofanya, lakini miguu ilikataa kurudi. Yule mama, Adhis kwa jina, alikuwa mwungwana. Alivaa miwani akamsomea, kwa sauti safi ya mtangazaji wa habari.

Kicheko angekivumilia. Kilichomvunja ni hadithi yenyewe. Mwanamke alifika mlangoni, na Adhis akasoma: "Akafunga mlango akaenda." Basi. Mhariri mmoja akauliza mbona huyu anaiacha ndoa yake kana kwamba anatumwa sukari. Aluoch, aliyepiga chapa sauti ya Mwalimu ikimsomea kichwani, alidhani Adhis ameruka mstari. Aliporudishiwa karatasi aliutafuta, na kule nyumbani akaufukua hadi kwenye daftari. Ile taa haikuwemo. Haikuwahi kuwemo.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwa Ubah bila kusalimu.

"Mwalimu, umekuwa ukiniongezea maneno?"

Mwalimu alivua miwani. "Bono, sasa, Aluoch, mimi nilikuwa nasoma kile ulitaka kusema."

"Kwa miaka sita? Sasa mimi nitajuaje kile nimesema?"

Ubah alianza kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Aluoch alichukua daftari lake akatoka, na wiki zikapita, kisha miezi. Alikuwa na hasira, naam, lakini zaidi aliona aibu, maana hakujua tena ni machozi yapi ya Ubah yalikuwa yake na yapi yalikuwa ya Mwalimu.

Aliandika upya kila alfajiri kabla ya kazi. Ile taa aliikataa, kwa kuwa haikuwa yake. Wakati huo Ubah alihamishia duka Eldoret, Obadiah akamezwa na ndizi zake, na kikundi kikabaki cha kutumiana salamu za Jumapili kwenye simu.

Mwezi wa nane alishika njia ya Nyakoe. Mwalimu miguu ilikuwa imemshinda, hatoki nyumbani. Alimpokea kana kwamba waliachana jana. Aluoch alitoa nakala mbili za kurasa tisa, akampa moja, akabaki na nyingine pamoja na penseli. Alitaka kuweka alama kila mahali mzee atakapoongeza chake. Hakumficha, alimwambia hivyo hivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho Mwalimu kumsomea, maana mwaka uliofuata mzee alizikwa hapo hapo kwenye shamba lake.

Mwalimu alisoma. Mwanamke alifunga mlango, na alipofika kwenye migomba ya jirani akakumbuka kwamba ndani hakuacha kitu cha kuibwa, akacheka peke yake mpaka kikapu kikamteremka kichwani. Penseli ilitembea chini ya kila mstari hadi ukurasa wa tisa. Haikupata pa kuweka alama.

Mzee alizinyoosha karatasi kwenye goti.

"Buya mono, vizuri sana," alisema. "Umenifuta kazi."

Walicheka wote wawili, Aluoch akaaga vizuri. Kwenye kituo cha Nyakoe, katikati ya watu, machozi yakamtoka. Alikuwa amepata alichokililia, kurasa ambazo kila neno ni lake. Lakini mzee alipofika pale mwanamke anapofunga mlango, penseli ikiwa tayari mkononi, Aluoch alikuwa ameomba kimoyomoyo kwamba Mwalimu aongeze neno, hata moja.