Gemu ya Kukanyaga

Kaka yangu ni fundi cherehani, na hapa Kipawa watu walizijua suruali zake kabla hawajaijua sura yake. Kiharusi kilipompata, mguu wa kushoto ulirudi baada ya miezi michache, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito, vidole vimejikunja. Hospitali walimpa mpira wa kuminya. Aliuminya siku mbili, kisha akawapa watoto wa jirani. Cherehani zake mbili akazifunika kwa kanga za mkewe, akawa mtu wa kukaa kwenye kochi na kuitikia "sawa" kwa kila anachoambiwa. Mimi nilizoea kaka mbishi. Huyu wa "sawa" alinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mimi ni fundi simu. Kutibu watu siwezi, lakini nyaya nazijua. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukitorokea kwenye banda la gemu kule Manzese, nyumbani tumeaga kwamba tunakwenda tuisheni. Tulicheza gemu za kupigana, kwenye zile mashine ndefu za kusimama, na njia nzima ya kurudi tuligombana nani kamfunga nani. Nikaamua kumtengenezea mashine kama ile, ya watu wawili. Nilitaka abishane nami tena. Sikuwa na lengo lingine.

Kasha alilitengeneza seremala wa Keko kwa plaiwudi, fupi kidogo ili kaka acheze amekaa. Kompyuta kuukuu na skrini nilikuwa navyo dukani. Kilichobaki kilikuwa fimbo za kuwaendeshea wapiganaji na batani za kupigia, na hapo ndipo nilipotesa watu. Kuna mzee wa Kiarabu ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo, duka alilorithi kwa babu yake. Nilimwamkia, akanitolea boksi zima, nami nikafumba macho nikaanza kubonyeza moja moja. Kuna batani ngumu zinazolia "tak", na kuna laini zinazozama hata ukizipumulia. Kuna fimbo yenye kichwa cha duara na yenye kichwa kama tunda la pea, yenye springi kali na yenye springi legevu. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mzee akaniuliza kama nanunua batani au nachagua mchumba.

Nilichukua vilivyo laini, vyote. Fimbo ya kaka, ambayo kwa kawaida hukaa kushoto, nikaihamishia kulia. Batani nikamwekea kubwa, laini kuliko zote, ili vidole vyake vizito visipate taabu. Nilijiona nina akili nyingi mno.

Jumamosi baada ya alasiri tukakaa kucheza. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri, lakini wa kushoto ukishuka kwenye batani hauinuki. Mtu wake kwenye skrini alirusha ngumi moja, akaganda. Huruma ikanishika. Nikamsogeza mtu wangu mbele, mikono chini, apigwe. Akapigwa ngumi moja moja za kuchelewa, akaanguka, nikapiga makofi.

Kaka aliiachia fimbo, akanitazama.

"Toka lini wewe unakufa hivyo?" akasema. "Mie sio mtoto."

Akanyanyuka akaenda chumbani. Siku tatu hakukaribia ile mashine. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia kasha, nikamkasirikia na seremala wa watu ambaye hakuwa na kosa. Wifi yangu, ambaye ulimi wake hauna breki, aliniambia kwamba nilikwenda dukani kumnunulia mgonjwa, wala sikumnunulia kaka yangu. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya nne tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, macho yangu yakaangukia mguu wake wa kulia. Ulikuwa unapanda na kushuka kwenye sakafu, vidole, kisigino, vidole, kisigino, kama anashona. Mwenyewe hana habari. Pedali ya cherehani ya miguu inabembea hivyo hivyo: mbele ikishuka, nyuma inapanda. Nikawaza kwamba nikiweka swichi moja chini ya vidole na nyingine chini ya kisigino, nimepata batani mbili ambazo mguu huo umezizoea kwa miaka thelathini.

Asubuhi nikafunua cherehani moja, ile kuukuu ya miguu, nikaanza kufungua pedali kimyakimya. Kumbe amesimama mlangoni.

"Hiyo ya kazi," akasema.

Nikamweleza haraka haraka, maana kaka anaweza kukusamehe matusi lakini si kugusa cherehani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza nitaweka springi gani. Nikamwonyesha ile laini. Akaguna. Aliniambia mguu wake haujui kitu chepesi, nikatafute ngumu.

Basi nikapata bosi. Springi alizikataa mbili, ya tatu ndiyo akaikubali. Swichi ya kisigino ilichelewa, nikaisogeza, ikawahi, nikairudisha. Zile batani laini akaamuru zing'oke zote, hata za upande wangu, niweke zinazolia, kwani asiposikia mlio hajui kama amepiga. Akabakiza moja tu kubwa upande wa kushoto, ya kuipiga kwa ngumi nzima. Fimbo ya kichwa cha pea akaitoa na kuweka ya duara. Nilirudi Kariakoo mara mbili kwa miguu yangu, nikimlaani njia nzima, na moyoni nikichekelea.

Tulipocheza tena nilikaa vizuri, nikakunja mikono ya gauni, nikampiga bila huruma. Raundi ya kwanza nilichukua. Ya pili pedali ikashika kasi, vidole, kisigino, ngumi, na mtu wangu akawa hapati hata nafasi ya kuinuka. Ya tatu nilipigana kwa jasho, na nikafungwa. Sikumwachia hata kidogo. Nilifungwa tu.

Nikasema turudie, alinivizia pembeni, ile haihesabiki.

"Mie nimechoka," akasema, akifuta uso kwa mkono wa kulia. "Mshindi ana haki ya kuchoka."

Nilimwambia ni mwongo na mwoga. Akanijibu. Nami nikamjibu. Wifi akatoka jikoni kuja kutuamua, akakuta mume wake amesimama, ananinyooshea kidole, anabisha.