Funguo Zote Mezani

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, mzee alisimama nyuma ya mkewe akimtoa chembe za shaba kwenye kilemba. Ndiyo kazi yake kila kukicha, maana vumbi la dukani halitoki kwa kukung'uta tu. Mkewe akamwambia afanye hima, kichwa si shamba la kupalilia. Wakashuka ngazi hadi dukani, mke mbele, mzee nyuma na ufagio wake.

Duka lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba: meza, mashine ya kuchonga, na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa. Watu walimwita Mama Funguo. Alianza na makufuli na milango. Magari yalipokuja na funguo zenye chipu, kidude kama punje ya mchele ndani ya kichwa cha ufunguo, mafundi wenzake walisema hayo sasa ni mazingaombwe, wakaishia hapo. Yeye akauza cherehani yake, akanunua kompyuta ya mkononi, ile inayochomekwa chini ya usukani ikaongea na gari. Kwani ufunguo wa kuchongwa tu hufungua mlango na kuzunguka vizuri, lakini injini haiwaki. Gari haliujui. Mpaka utambulishwe.

Mwanzoni alikosea. Alimtengenezea dereva wa teksi ufunguo mpya, dereva akaondoka anapiga mluzi. Jioni mwenzake wa zamu akakwama stendi na ule wa zamani, abiria wanamsema. Gari lilikuwa limeusahau. Magari mengi ndivyo yalivyo: hukumbuka funguo zile tu zilizokuwepo siku ya kutambulishwa. Tangu hapo kila mteja aliambiwa neno lile lile, awe tajiri, awe jirani: funguo zote mezani.

Siku hiyo wa kwanza kuingia alikuwa mdogo wake mzee. Uso umekunjamana kama shuka la mgonjwa. Alisema ufunguo wake mmoja umepotea, anataka gari liusahau, usije ukaokotwa na mwizi. Gari lipo nje, kadi yake hii hapa. Mama Funguo akatoka, akachomeka kompyuta, akasoma. Gari lilijua funguo mbili. Akarudi ndani, akamwuliza huo wa pili ulipotelea wapi. Shemeji akatazama viatu vyake. Mzee akaacha kufagia.

Ikabidi aseme. Ulikuwa kwa mkewe. Waligombana, mke akarudi kwa mama yake na mtoto. Juzi akaja akalichukua gari kazini kwa mume bila hata hodi, akampeleka mtoto kliniki. Mtoto wao ana miguu dhaifu, anafanyishwa mazoezi huko. Kwenda kwa basi ni kumbeba mgongoni, na sasa amekuwa mzito. Baba mtu aliyajua yote hayo. Lakini hasira zilikuwa zimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Gari ni langu, shemeji," alisema.

"Ni lako, nani kabisha? Nitauzima. Ila umpigie kwanza, umwambie mwenyewe. Asije akajua ameshamkalisha mtoto kiti cha nyuma."

Shemeji akaguna. "Tangu lini fundi akamwomba ruhusa mtu ambaye si mteja?"

"Tangu teksi," akajibu, akavuta kiti, akakaa.

Jamaa akamgeukia kaka yake amsaidie. Mzee akakumbuka kuna kona hajaifagia.

Basi akapiga. Mkewe hakupaza sauti, lakini duka ni dogo, yote yalisikika. Alisema sawa, zima. Ila kliniki ni kesho, na lifti ya pale imeharibika, basi baba mtu aje ambebe mtoto wake mwenyewe mpaka juu. Mdogo mtu akauliza saa ngapi.

Alipokata, habari ya ufunguo hakuigusa tena. Mama Funguo akatoka naye nje, akachomoa kompyuta yake. Akamtania akajinyooshe mgongo mapema, mzigo wa kesho una maneno mengi. Shemeji akacheka, akafuta macho, akasema ni vumbi.

Usiku ule moyo wa Mama Funguo ulisimama. Kulipokucha hakuamka. Mdogo mtu alikuja msibani na mtoto mgongoni, mkewe kando yake.

Lakini jioni iliyotangulia usiku ule, walipokuwa wakifunga duka, mzee alikuwa amemwuliza Mama Funguo: je, mdogo wangu angekaza shingo, ungefanyaje? Mkewe alikuwa ameinama kwenye kufuli. Akajibu bila kugeuka:

"Ningeuzima, kazi ni kazi. Halafu kesho ningefunga duka, nikambebe yule mtoto mimi, na magoti yangu haya haya."