Maboksi ya Matangani

Wajukuu zangu wameniganda nikiandike kisa hiki, kana kwamba sina kazi nyingine hapa Ibra. Haya.

Skuli yao inakusanya maboksi matupu ya juisi na maziwa yakatengenezwe karatasi upya. Darasa litakaloshinda litapelekwa pwani ya Ras al Jinz kutazama kasa. Watoto wamefurahi. Mama mmoja amepagawa.

Jirani yangu huyo hakai matangani. Huingia, akatoa pole, akatoka, gari linanguruma mlangoni. Juzi shoga yangu alipofiwa na mumewe, nikamwona kakaa kitako. Nikasema leo kapata imani. Kumbe anatazama maboksi ya juisi mikononi mwetu.

"Bibi, hiyo hujaimaliza?" akaninong'oneza.

"Ndio kwanza nimetia mrija."

"Basi vuta, bibi, vuta."

Nikavuta polepole, makusudi. Akamhamia ajuza aliyesinzia, akamchomoa boksi mkononi, akalibana litoshe mkobani. Lilikuwa limejaa. Juisi ya embe ikaruka, ikachuruzika mpaka miguuni mwa mfiwa. Kukusanya taka ni kheri, lakini mtu angoje kwanza iwe taka.

Mfiwa akajipangusa vidole, wala hakumtazama.

"Unayataka maboksi, mwanangu?"

"Ya skuli, bibi. Ya mtoto."

"Yote yako. Lakini utayaosha hapa uani, na huondoki mpaka tuondoe matanga."

Akakaa mpaka siku ya mwisho, mikono ndani ya beseni, na sisi wakongwe tukamnywea juisi kupita kiu yetu.