Kigoda cha Mgeni wa Redio

Wewe unayesikiliza mahojiano ya redio huku mikono ikibangua korosho, ngoja nikueleze kwa nini nyumbani kwetu Nkowe kulikuwa na kigoda ambacho siku ya Jumapili hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, nikiishi na bibi yangu mzaa baba. Lugha yake ilikuwa Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuza na kununua. Kwa hiyo mtangazaji aliposema, "Leo tunaye mgeni," bibi alielewa hivyohivyo: kuna mgeni. Aliweka kigoda kando ya redio, na sahani ya korosho za kuchoma mbele yake. Nilimweleza mara nyingi kwamba mgeni yuko Dar es Salaam.

"Hata kama. Si amekaribishwa humu ndani? Utamweka chini, mke mwenzangu? Kumbe babu yako kaoa mchoyo!"

Kwetu bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenza; ndio utani wenyewe. Kipindi kikiisha, korosho nilizila mimi.

Wakati huo macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, ule ukungu wa uzeeni. Ufuta aliupepeta kwa kupapasa. Hospitali ya misheni walisema akipasuliwa ataona, akakataa. Alikuwa amesikia kisimani kwamba daktari hulitoa jicho, akaliosha kwenye bakuli, ndipo akalirudisha.

"Na kuku akilidonoa?" aliniuliza.

Nilimweleza nilivyoweza. Hakuridhika.

Jumapili moja mgeni alikuwa mama mmoja mkulima, aliyewahi kupoteza kuona, akapasuliwa. Bibi aliweka ungo chini.

"Muulize kama walilitoa."

"Bibi, yeye hatusikii."

"Hujamwamkia, atakujibuje?" Akakigeukia kigoda. "Karibu, mgeni. Habari za huko? Eti, jicho walilitoa?"

Ikatokea kwamba mtangazaji naye alikuwa anamuuliza yule mama aliogopa nini.

"Niliambiwa jicho linatolewa," yule mama akasema. "Halikutoka. Lilibaki mahali pake, na mimi namsikia daktari anaongea na muuguzi."

Bibi akanigeukia. "Umeona? Kaulizwa kwa adabu, kajibu."

Sikumsahihisha. Tunao msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Wengi huusema kwa sababu siku ya mgeni hata wenyeji hula vizuri. Bibi aliuchukua kama ulivyo. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kanga, nikampakia kwenye baiskeli hadi kwenye basi la kwenda hospitali.

Aliporudi, kitu cha kwanza kukitazama kwa makini kilikuwa redio.

"Kadogo hivi! Na wageni wote wale?"

Kisha akaniagiza nitume shukrani kwenye kipindi. "Mwambie korosho zake zipo." Nilituma. Kama zilisomwa sijui. Betri zilikuwa zimekwisha, na hata tulipozianika juani hazikupata nguvu tena. Ufuta wa msimu ule bibi aliupepeta mwenyewe, akichagua vijiwe kimoja kimoja kwa macho.

Basi, mgeni akikaribishwa redioni, weka ungo chini, kaa, umsikilize mpaka amalize.