Mkono Mtupu wa Mama Glavu

Dada yangu tulimwita Mama Glavu, na jina halikumkera. Kazi yake karakanani ilikuwa kubandika ngao ya joto kwenye tumbo la ndege ya kasi. Ngao ile imetengenezwa iungue. Ndege ikikimbia sana, ngao inachubuka tabaka kwa tabaka na kuondoka na joto, ila mvuke wake unaingia kwenye plazma, ile hewa ya moto yenye umeme inayoizingira ndege na kuzuia redio. Jasho likiwamo kwenye ngao, chumvi yake inazidisha umeme huo na ukimya unarefuka. Ndiyo maana aliweka sheria: ukigusa kwa mkono mtupu, unarudisha glavu na kwenda zako. Alimfukuza hadi shemeji yetu, tukanuniwa nyumbani mwaka mzima.

Siku ya jaribio, rubani alikuwa mwanawe wa pekee. Mimi, mjomba mtu, nilikuwa chumba cha redio, na kazi yangu ilikuwa kumwambia akate kona upande gani akishatoka kwenye plazma. Ilikuwa lazima anisikie kabla mshale wa saa ya ukutani haujafika alama nyekundu. Akiipita kona hiyo, mbele ni milima mitupu na mafuta ya kurudi hana.

Nilimwita, kimya. Nikamwita tena. Hesabu zilisema plazma ingekuwa nyepesi, kwa hiyo mkuu wa zamu akaamua kwamba mtambo wetu ndio uliokufa, akaamuru tuuzime na kuuwasha upya. Hadi uwake, mshale ungekuwa umeshapita.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Msizime," alisema. "Ni plazma. Asubuhi niliigusa ngao kwa mkono mtupu, pale penye antena."

Mkuu aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Niliipapasa kama ninavyompapasa mwanangu akiwa na homa. Tumieni redio ya pili."

Redio ya pili ilikuwa ya masafa ya juu, yanayopenya plazma nzito. Mtu aliyetusumbua miaka yote kwa ajili ya vidole vyetu! Lakini mkuu alishaniashiria kwa kidevu. Niliiwasha, nikamwambia mpwa wangu akate kushoto. Kimya. Nikarudia, mshale ukiwa karibu kuigusa alama.

Kisha sauti ikakwaruza: "Nimekusikia, Mjomba. Nakata kushoto."

Dada aliteleza ukutani akakaa sakafuni.

Baadaye wahandisi walisema kiganja kimoja pengine hakitoshi kuleta ukimya ule, maana hata gundi ya ngao ilikutwa na chumvi. Mkuu alimsihi abaki. Dada alimwuliza kama shemeji yetu naye alisihiwa. Akatoa glavu zake mfukoni, akazikunja vizuri, akaziweka mezani.

Mwanawe alipoteremka, amelowa jasho chapachapa, tulikwenda kumpokea uwanjani. Dada alimtazama usoni, akanyoosha mkono wake mtupu, akauweka kwenye paji la uso la mwanawe, na hakuuondoa.