Breki ya Upande wa Abiria

Mtu anayeitwa Mwalimu Klachi hakulipata jina hilo bure. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha watu kuendesha gari, na neno lake la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya lilikuwa lilelile: "Achia klachi polepole." La pili lilikuwa, "Polepole nimesema!" Hapo gari lilikuwa limesharuka kama chura na kuzimika, mwanafunzi anatokwa jasho, naye Mwalimu anatoa leso na kujifuta uso utadhani ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alijifanya kulichukia jina hilo. Uongo mtupu! Kwenye kibao cha shule kilichopigiliwa getini, chini ya jina rasmi, yeye mwenyewe alimwagiza mchoraji aongeze kwa herufi ndogo: "Kwa Mwalimu Klachi."

Gari lake lilikuwa jeupe, la petroli, kuukuu kiasi kwamba wengi wa wanafunzi wa siku hizi walizaliwa likiwa tayari barabarani. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa unafunguka kwa ndani tu. Mshale wa kuonyesha mwendo ulikufa zamani, ukalala kwenye sifuri, na mwenyewe hakuhangaika kuutengeneza. Wa kazi gani, na masikio anayo? "Injini inasema," aliwaambia wanafunzi. "Ikinung'unika, badilisha gia. Ikivuma hivi, uko hamsini. Ikianza kuimba, ndugu yangu, umeshavunja sheria." Na alikuwa hakosei. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni akakutajia mwendo, na asikosee hata kidogo.

Sasa, gari la shule si kama gari lako wewe. Lina breki mbili. Moja ni ya dereva kama kawaida, na ya pili iko chini ya miguu ya yule anayeketi pembeni, yaani mwalimu, ili mwanafunzi akipagawa mbele ya lori, pawepo na mtu mwenye akili timamu wa kusimamisha chombo. Siku za kazi breki ile ilikuwa ya Mwalimu. Siku za mapumziko, Mwalimu aliposhika usukani kuipeleka familia yake kutembea, breki ya pili ilikuwa ya mkewe.

Na mkewe aliitumia! Hapo ndipo palipokuwa na kituko. Huyu mwalimu aliyekuwa akigombeza watu wiki nzima kuhusu mwendo, akishika usukani mwenyewe alikuwa na haraka ya mtu aliyesahau jiko linawaka. Basi wakifika kwenye ile barabara iliyonyooka inayopita nyuma ya maghala, injini ikianza kuimba, mama wa watu alikuwa anasema neno moja tu, "Mwendo," kisha anakanyaga. Gari linainama, vikapu vinaporomoka, na binti yao mdogo kwenye kiti cha nyuma anacheka mpaka kwikwi inamshika.

"Nani dereva hapa?" Mwalimu anang'aka.

"Wewe."

"Na nani amekanyaga breki?"

Mkewe alikuwa anarekebisha mtandio wake, anatazama nje dirishani kama si yeye. "Gari lenyewe limeogopa."

Kujifunza kuendesha hakutaka. Mumewe alimfundisha siku tatu tu, wakarudi nyumbani hawasemeshani, akatangaza kwamba imetosha. "Wewe endelea na usukani wako," alisema. "Mimi nina breki, inanitosha." Na ilimtosha maisha yake yote.

Alifariki miaka mitano iliyopita, kwa ugonjwa ambao haukumpa nafasi hata ya kuaga vizuri. Baada ya hapo Mwalimu aliendelea kufundisha, maana angefanya nini? Lakini siku za mapumziko alikuwa anatoka na gari peke yake, anaelekea kwenye ile barabara ya maghala, na akifika pale paliponyooka anakanyaga mafuta. Injini inavuma, inaimba, inapiga kelele. Ungemwona ungesema mzee wa watu amechanganyikiwa. Wala hakuchanganyikiwa. Alikuwa anamsubiri mkewe amkanyagie breki. Kilomita nzima anasubiri, kisha anapunguza mwenyewe, anageuza gari, anarudi nyumbani. Hakumwambia mtu.

Ndiyo maana binti yake, yule wa kwikwi, ambaye sasa ni mtu mzima na ndiye anayeendesha ofisi ya shule, alipokuja na habari za gari la umeme, baba yake alimkatiza hata kabla hajakaa kitini.

"Hapana."

"Baba, hata sijasema."

"Umesema umeme. Nimesikia. Hapana."

Binti naye hakuwa mtu wa kukatizwa. Alivuta kiti, akamweleza bila kuzunguka. Gari jeupe linakunywa petroli kama limetumwa. Wiki hii limeshinda gereji siku tatu, na wanafunzi wanne wamehamia ile shule ya ng'ambo ya soko, ambako wanafundishiwa magari ya umeme yasiyo na klachi. Mwezi uliopita wamepata wanafunzi watano. Mwezi huu wawili, na mmoja wao ni mjomba wa mtu, kaja kwa huruma. Yuko muuzaji anayetoa magari ya umeme kwa shule za udereva, tayari yamefungwa breki ya pili, na atalichukua gari la zamani kama sehemu ya malipo. Anataka jibu kabla ya wiki kwisha.

"Ukikataa, Baba, tufunge shule," alisema. "Sikutishi. Ndivyo ilivyo."

Mwalimu alishika tama. Kibao cha getini kilimjia machoni, pamoja na zile herufi ndogo. Mwisho akakubali kwenda kulijaribu, kujaribu tu, asije mtu akasema ni mbishi.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye miwani, mtu wa maneno mengi. Aliketi pembeni, binti akakaa nyuma, Mwalimu akashika usukani. Akabonyeza kitufe alichoonyeshwa. Akasubiri.

"Bado halijawaka," alisema.

"Limeshawaka, Mzee. Kanyaga mafuta twende."

"Mafuta yapi, kwani lina mafuta?"

"Ni mazoea tu ya kusema, Mzee."

Waliondoka, na kusema kweli liliteleza vizuri, hilo hata yeye hakuweza kulikana. Balaa lilikuja walipokaribia makutano. Mwalimu alitaka kupunguza, na mguu wake wa kushoto, uliokuwa umekanyaga klachi tangu ujana, ukatoka kwenda kutafuta klachi. Haukuikuta. Ukakutana na pedeli pana ya breki, ukaikandamiza mpaka chini kwa nguvu zake zote. Lo! Gari lilisimama palepale. Simu ya muuzaji iliruka ikagonga kioo, miwani ikapanda kwenye paji la uso, na gari lililokuwa nyuma likapiga honi ndefu ya matusi.

"Breki nzuri," alisema Mwalimu, akikohoa.

Muuzaji alitafuta simu yake miguuni. Hakuwa na nia mbaya, masikini, lakini aliropoka: "Mzee, huo mguu wa kushoto uupumzishe tu. Humu hauna kazi."

Neno lile lilimchoma. Mguu uliolea familia, uliowapa watu zaidi ya elfu moja leseni, leo unaambiwa hauna kazi! Alirudisha gari alipolitoa, akashukuru kwa adabu, akarudi nyumbani.

Jioni hiyo binti alimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya gari jeupe, mikono magotini. Akavuta kiti kingine.

"Tutachaji wapi?" baba alianza, bila salamu.

"Pale bandani kuna soketi. Fundi umeme ameshaikagua."

"Mvua ikinyesha?"

"Lina bati, Baba."

"Na likizimika barabarani katikati ya somo?"

"Hili letu limezimika mara ngapi wiki hii?"

Baba alitafuta sababu nyingine, akazungusha macho uani kana kwamba angeiona imeanikwa kwenye kamba, asiione.

"Na mama yako nimwache wapi?" alisema.

Na baba, akishaanza, hakuweza kunyamaza tena. Alimweleza habari za barabara ya maghala, jinsi anavyokimbiza gari akisubiri breki, miaka mitano sasa. Alimwambia kuwa gari hili ndipo mahali pekee ambapo bado anaweza kumkumbuka mkewe kwa namna inayovumilika, kwa sababu kile kiti ni chake, ile breki ni yake, na ukiliondoa gari, mkewe naye ameondoka mzima mzima. "Nimemkumbuka mama yako," alisema. "Nimemkumbuka mpaka nachoka." Akalia wazi, mbele ya mtoto wake, bila kutafuta leso.

Binti alimwacha alie. Kisha akainuka, akafungua mlango wa upande wa abiria, akapiga magoti chini na kuwasha taa ya simu.

"Baba, njoo uone."

"Nione nini, nimelikalia miaka yote hiyo."

"Umekalia. Hujaangalia."

Mwalimu aliinama huku magoti yakimlalamikia. Ile pedeli ya pili ilikuwa imevikwa mpira mweusi wenye mistari ya kuzuia mguu usiteleze. Katikati, mistari ilikuwa imelika yote, pamebaki laini kwa kiatu chake kizito. Lakini kwenye kona ya chini, pembeni kabisa, palikuwa na alama nyingine, ndogo, upana wa vidole viwili. Yeye miguu yake haikuwahi kugusa pale. Mkewe alikuwa mfupi, na hakuwahi kukivuta kiti mbele hata siku moja, kwa hiyo alikuwa anakanyaga kwa ncha ya kiatu.

"Hapa ni pako," alisema binti. "Na hapa ni pa Mama. Nilikuwa nautazama mguu wake kutoka kule nyuma. Ulikuwa unaanza kujinyoosha kabla hajasema mwendo."

Mwalimu alipitisha kidole gumba kwenye ile alama. Akakipitisha tena.

"Huu mpira unatoka?" aliuliza.

"Ni wa kuvalisha tu. Unatoka, na unavalishwa kwingine."

Hakusema ndiyo. Aliingia ndani, akarudi na bisibisi.

Siku muuzaji alipokuja kulichukua gari jeupe, Mwalimu aliomba aliwashe mwenyewe mara ya mwisho. Alikanyaga klachi, akaingiza gia, akaachia polepole, polepole nimesema, mpaka injini ikashusha sauti kidogo na gari likatetemeka likitaka kwenda. Akalishikilia hapohapo kwa muda mrefu. Muuzaji alitaka kusema kitu, binti akamkata jicho. Halafu Mwalimu akazima, akashuka na kumkabidhi ufunguo.

Gari jipya lilikuwa la rangi ya bluu. Pedeli yake ya pili ilikuwa nyembamba kidogo, ikabidi fundi aupunguze ule mpira upande mmoja. Mwalimu alimsimamia mgongoni akimwelekeza kata huku, acha huku, usithubutu kugusa ile kona, mpaka fundi akamuuliza kama anavalisha pedeli au anashona gauni la harusi.

Siku ya mapumziko ya kwanza, baba na binti walitoka nalo. Mwalimu kwenye usukani, mguu wa kushoto ameukunja nyuma kama aliyeuadhibu, binti pembeni. Walipita sokoni, wakapita shuleni, wakaingia kwenye barabara ya maghala. Na hapa ndipo mwalimu wa miaka ishirini na saba alipofanya kosa ambalo mwanafunzi wa siku mbili asingelifanya. Mbele yake palikuwa na namba kubwa zinazong'aa, zinamwambia mwendo wake waziwazi. Hakuziangalia. Alikuwa anasikiliza. Alitega masikio kama alivyozoea, asisikie mvumo wala wimbo, akaamini kabisa kwamba anatambaa. "Linaenda taratibu sana hili," aliwaza, akaongeza. Maghala yalianza kupita harakaharaka. Akaongeza tena.

"Mwendo," alisema binti.

Na kabla baba yake hajageuka, gari likainama mbele, mkanda ukamkaza kifuani, kikapu cha sokoni kikaporomoka kutoka kiti cha nyuma na machungwa yakatawanyika sakafuni.

"Nani dereva hapa?" Mwalimu aling'aka. Maneno yalitoka yenyewe, hakuyafikiria.

"Wewe."

Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo.

"Na nani amekanyaga breki?"

Binti alikuwa anarekebisha mtandio wake. Uso ameuelekeza dirishani.

"Gari lenyewe limeogopa."

Mwalimu Klachi aliweka paji la uso juu ya usukani. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia, kisha vyote viwili, mabega yakimcheza, katikati ya ile barabara tupu. Machungwa yalikuwa yakibingirika nyuma, hayo tu ndiyo yaliyosikika. Binti yake hakugeuza uso, wala hakuondoa mguu kwenye breki mpaka baba yake alipomaliza.