Mayai ya Esteri wa Heru Juu

Esteri wa Heru Juu hakuzaliwa mbishi. Ubishi aliukuta ukweni, akauvaa, ukamkaa. Kuku saba aliwanunua mwenyewe kwa maharage ya shamba lake, banda akalikandika kwa mikono yake, na kila siku ni yeye aliyeokota mayai. Kuyala tu ndiko marufuku. Kwa mama mkwe wake, Bibi Immakulata, mwanamke hali yai, na mwenye mimba ndiyo kabisa, mtoto atatoka na kipara. Esteri alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Sasa mayai yalikwenda wapi? Sikia vituko. Mwaka 2014 alitokea Kasulu mjini mchuuzi mmoja, Abbasi, mtu wa tai na kipaza sauti, akiuza makopo ya vidonge vya kolini. Eti vinanoa akili, vinatia misuli nguvu. Venanti, mumewe Esteri, alikuwa akishindana mbio za baiskeli na hajawahi kuona hata zawadi ya sabuni. Akaingia mzima mzima. Kila Jumamosi anafunga trei ya mayai nyuma ya baiskeli, anashuka nayo sokoni, anarudi na kopo. Mbio za Buhigwe akamaliza wa kumi na tisa. Kabla ya vidonge alikuwa wa kumi na nane.

Siku ya kliniki Esteri akalibeba kopo, akamwonyesha nesi Ghati, mwanamke wa Tarime asiyejua kuzungusha maneno. Ghati akasoma, akacheka.

"Kolini hii ipo kwenye kiini cha yai, mama. Kwenye maini ipo, kwenye maharage ipo kidogo. Habari za mbio sina uhakika nazo. Ila huyo wa tumboni anaihitaji, ndiyo inayomsaidia kujenga ubongo. Kwani nyumbani hamfugi kuku?"

Esteri alirudi na hasira njia nzima, akipita watu bila salamu.

Jumamosi asubuhi alichemsha mayai manne. Venanti alikuwa anajaza upepo baiskeli, trei iko tayari miguuni pake. Bibi Immakulata anachambua maharage. Esteri akaweka kigoda katikati ya ua, akaketi, akaanza kumenya.

"Unafanya nini, Esteri?" mama mkwe akauliza.

"Nakula, mama."

"Mtoto atazaliwa hana nywele."

"Nitamfumia kofia. Akizaliwa hana akili, nitamfumia nini?"

Venanti akaacha pampu. "Mke wangu, utatuletea balaa."

"Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini? Unauza mayai ukanunue kilichomo ndani ya mayai, halafu mimi na mwanao tukae tunatazama. Nimekataa. Na kesho nitakataa."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Bibi Immakulata akanong'ona.

Esteri aliwajua wanawake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Aliogopa. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akamenya la pili, akalila lote.

Bibi Immakulata aliacha kuchambua, ungo mapajani.

"Nimezaa tisa," akasema mwishowe. "Wanne nimewazika. Nimefuga kuku tangu usichana wangu, na yai silijui ladha yake."

Esteri alimenya la tatu, akalitia chumvi, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akaligeuza geuza, akauma. Akatafuna polepole. Machozi yalimlengalenga, wala hayakuwa ya furaha. Ilikuwa hasira, tena hasira ya miaka sitini.

Venanti akainama taratibu, akanyoosha mkono kuichukua trei yake.

"Iache hapo," mama yake akasema, mdomo bado umejaa.